Tawi la Mwaloni Nililolivuta kwa Gari

Mpendwa mshauri Bi Kinuyo,

Msaada ninaokuomba ni wa mzee wa miaka sabini na mbili aliyefanya jambo la kitoto akiwa na thelathini na minne, jambo ambalo hata marehemu mke wangu sikumwambia, na sasa limenifika shingoni kwa sababu kuna barua mezani kwangu tangu mwezi uliopita na sijui niijibu nini.

Kazi yangu ni kupiga picha za mandhari. Nimezunguka dunia na kamera, nimelala kwenye baridi ya Aislandi, nimepanda vilima vya mchanga vya Namibia, nimefika Patagonia ambako upepo ulichukua kofia yangu na nusura unichukue na mimi, na kote huko watu wakiniuliza, mzee, ni wapi umeona pazuri kupita kote, nawajibu papo hapo: kilima kimoja cha mashamba ya viazi, huku huku kwetu Japani, hapa Hokkaido. Wanacheka wakidhani natania. Sitanii, Bi Kinuyo. Sijaona asubuhi nyingine kama ile, na nimeitafuta karibu dunia nzima.

Enzi zile tulipiga kwa filamu, unapiga na huoni kitu, unarudi nyumbani, unasubiri wiki nzima wakusafishie, unafungua bahasha pale pale dukani. Siku hizi watu wanapiga mia tatu kabla hawajanywa chai, sawa, siwalaumu, lakini ile raha ya kutojua walizaliwa imeshaondoka. Tulikuwa tunalala ndani ya magari, tunapasha supu kwenye jiko dogo la gesi, tunagombea nafasi ya kusimamisha stendi ya kamera kama wanawake wanavyogombea meza ya samaki sokoni, na tulikuwa na furaha, jamani, tulikuwa na furaha sana.

Kilimani pale kulikuwa na mti mmoja wa mwaloni, katikati ya shamba la Bwana Tokuzo. Baba yake aliposafisha msitu aliuacha huo peke yake ili farasi wapate kivuli, farasi wakaondoka, matrekta yakaja, mti ukabaki. Ulikuwa na tawi moja la chini, refu, limenyooka kuelekea mashariki. Nilikuwa nimeuzungukia miaka mitatu bila kupata kitu, mpaka asubuhi ile ya mwezi wa kumi, ukungu umejaa bonde lote, majani yamekuwa mekundu, sakitu, ule umande ulioganda, imelala juu ya udongo, na jua likachomoza likakaa sawasawa juu ya lile tawi. Nilipiga picha sita. Nililia, sioni aibu kusema.

Nikiwa bado najifuta macho nikaona taa za gari kule chini. Nikazijua. Alikuwa Nagamine, wa chama chetu cha wapiga picha, mtu mwenye lenzi bora kuliko yangu na mdomo mrefu kuliko lenzi yake, aliyekuwa akinitania kila mkutano, "Wewe bwana, ukiona kitu kizuri nipigie simu nije nikupigie vizuri." Nilihesabu: dakika kumi atakuwa hapa, na ukungu haujaondoka. Atapiga picha ile ile. Tutaipeleka sote kwenye mashindano, na yake itakuwa safi zaidi.

Bi Kinuyo, nilitoa kamba ya kuvutia gari. Nikaifunga kwenye tawi, nikaingia kwenye usukani, nikakanyaga mafuta. Tawi lilitoka na gome lote la ubavuni, likaacha kidonda kirefu mpaka karibu na ardhi. Nikakunja kamba yangu nikaondoka.

Tulipishana njiani, akashusha kioo.

"Vipi, umepata?"

"Wapi! Ukungu mtupu."

"Na macho mekundu hivyo?"

"Usingizi, ndugu yangu."

Nawajua wenzangu waliowahi kukanyaga maua wakishayapiga picha ili mwingine asiyapate. Tulikuwa tunawasema vibaya, mimi nikiwa wa kwanza kusema.

Picha ikashinda. Ikawekwa kwenye kalenda, ikanifungulia milango, na safari zote nilizokutajia zilianzia hapo. Mwaka uliofuata, kama ilivyo desturi yetu, nikampelekea mwenye shamba picha kubwa pamoja na boksi la keki. Mkewe, Bi Fusae, akanipokea kwa jina la heshima, "Mwalimu, karibu, vua viatu uingie, viazi vimeiva." Bwana Tokuzo akaisogeza picha dirishani akaiangalia. Kisha akasema, "Ndivyo ulivyokuwa. Kama si wewe, tusingekuwa na kumbukumbu yoyote." Akainama kunishukuru, mtu aliyenizidi umri, akainama mpaka nikaona utosi wake.

Nikauliza, kwa sauti hii hii yangu, tawi lilivunjwa na nini.

"Shemeji yangu Yasuji na trekta lake," akasema Bi Fusae. "Anaapa si yeye. Nani mwingine basi? Tangu zamani anaupigia kelele mti huu, ati unamzungusha bure akilima. Na siku moja kabla alikuwa analima pale pale."

Mimi nikala viazi. Viwili, na siagi.

Tangu hapo kila vuli Bi Fusae hunitumia boksi la viazi, na kila mwaka mpya kadi. Miaka thelathini na saba. Bwana Tokuzo alifariki miaka minne iliyopita. Na sasa Bi Fusae ameniandikia kwamba mwaloni umeoza ndani, uozo umeingilia pale pale palipochunika, mti umeinama baada ya dhoruba ya kiangazi, na kwa kuwa wageni huja kusimama chini yake kwa ajili ya ile picha yangu, lazima ukatwe kabla ya theluji. Anaandika: "Mwalimu, njoo uupige picha ya mwisho. Ni wewe tu unayejua mahali pa kusimama. Nitapika viazi." Halafu chini kabisa: "Shemeji Yasuji sijamwita. Wakati wa msiba wa kaka yake alisimama nje barabarani, kofia mkononi, hakuingia na hatukumwita. Baada ya mambo ya ule mti waligawana shamba, akahamia mjini kuendesha lori la maziwa, na hawakula tena pamoja."

Niende nipige picha ninyamaze, nimwachie bibi wa miaka sabini na tisa kumbukumbu zake nzuri? Nijifanye mgonjwa? Au niseme, nimpasue moyo mtu aliyenilisha miaka yote hii, ili tu mimi nilale usingizi? Si ubinafsi huo? Natamani, Bi Kinuyo, nirudi asubuhi ile, nipige picha zangu sita, nimpungie Nagamine mkono, nimwambie, wahi, ndugu yangu, ukungu bado upo. Nisaidie.

Mpiga picha, Sapporo

*

BI KINUYO ANAJIBU

Bwana mpiga picha,

Barua yako ilikuja na kurasa kumi na moja. Wasomaji wameona sehemu tu, nimewapunguzia Patagonia. Nimeisoma mara tatu, na nakiri ule ukungu wako umenigusa, kwa maana na mimi nina asubuhi yangu moja ambayo ningetoa mengi niirudie. Pole. Hayo ya pole yameisha.

Kurasa mbili umeupa ukungu, moja umempa Nagamine na mdomo wake. Umeulilia mti, umewalilia farasi, umelilia hata filamu. Yasuji umempa mistari michache tu, tena mwishoni, tena kwa maneno ya mtu mwingine. Unaniuliza kama ni haki kumvunja moyo Bi Fusae. Hilo swali ni zuri, na umelichagua kwa sababu ni zuri. Aliyedhulumiwa katika habari hii si bibi wa viazi, na wala si mti, ingawa mti nao ulikuwa na haki yake. Ni mtu aliyeapa ukweli kwa ndugu yake wa tumbo moja asiaminiwe, akapoteza shamba la baba yake, akamzika kaka yake akiwa amesimama barabarani. Waliosema mchumia janga hula na wa kwao hawakukujua wewe: ulichuma peke yako, ukawaachia wengine wale, na wewe ukaletewa viazi.

Usiniambie ulikuwa kijana. Miaka thelathini na minne si ujana. Na hata ungekuwa ujana, siku ile mezani pa Bwana Tokuzo ulikuwa na mwaka mzima wa kufikiri, ukauliza tawi limevunjwa na nini, ukapewa jina la mtu, ukameza. Tawi ulilivunja kwa dakika chache. Yasuji umemvunja kila vuli, boksi kwa boksi. Hilo ndilo kosa lako kubwa, na ajabu ni kwamba katika kurasa zote kumi na moja hukulitaja kama kosa.

Sasa nisikilize.

Usianzie kwa Bi Fusae. Anzia mjini, kwa Yasuji. Usimpigie simu, usimtumie barua, na boksi la keki liache dukani. Nenda na miguu yako, usimame mlangoni, useme jina lako na kazi yako, kisha useme: tawi nililivunja mimi, kwa kamba na gari, na siku nilipoambiwa umesingiziwa nilinyamaza. Hapo funga mdomo. Asikie mwenyewe. Akikutukana, umetukanwa. Akifunga mlango, kaa nje barabarani, kama yeye alivyosimama siku ya msiba. Msamaha usimwombe siku hiyo, maana utakuwa unamdai tena kitu ambacho ni chake.

Muulize jambo moja tu: unataka Bi Fusae aambiwe na nani, na wewe ukiwepo au usiwepo? Atakalosema ndilo utakalofanya. Ukitumwa wewe, kwa Bi Fusae utasema kabla hujavua viatu, kabla hajakuwekea sahani. Ndiyo, ataumia. Lakini kumbuka mama huyu alimwacha shemeji yake barabarani siku ya msiba kwa sababu yako. Kumficha si kumhurumia, ni kumnyima nafasi ya kwenda kumwambia yule mzee "ingia ndani" wakati wote wawili bado wanaweza kutembea. Mficha uchi hazai, bwana.

Kamera iache ndani ya gari. Wakikwambia upige, piga. Wasipokwambia, mwaloni huo utakatwa bila picha yako na dunia itaendelea.

La mwisho, na hili lishike vizuri. Hukumwandikia padri wala mtawa. Umeliandikia gazeti, na nadhani ulijua unachofanya: ulitaka mtu akusukume. Majina yote nimeyabadilisha, lakini mwaloni uliovunjika tawi juu ya shamba la viazi, uliotoka kwenye kalenda, hapa Hokkaido nani asiyeujua? Ndiyo maana jibu hili nilikutumia kwa posta siku kumi kabla ya kulichapisha, ili uwe umetangulia. Nilingoja uniambie umekwenda. Sijapata neno.

Basi kama leo unalisoma hapa gazetini ukiwa nyumbani kwako, ujue gazeti hili linafika mji ule saa kumi na mbili asubuhi, na madereva wa maziwa, hata waliostaafu, huamka mapema. Vaa viatu, mzee. Usimwache Yasuji aisome barua yako peke yake.