Shikamoo ya Kamanda

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ilemela sote wazima, na goti la bibi yako limepoa. Umeuliza kama waliotengeneza ile filamu walikosea, maana kamanda mzee anamwamkia askari wake. Hawakukosea. Nilikuwepo.

Rafiki yangu Masanja alikwenda na wapiga picha nyumbani kwa kamanda wetu wa zamani, kule Buswelu, kuuliza swali ambalo mimi sikuwahi kuthubutu: nani aliamuru mwenzetu Paulo apigwe risasi, vita vikiwa vimekwisha?

"Shikamoo, afande. Nani aliamuru?"

"Marahaba. Paulo alikufa vitani. Ondoa hilo likamera lako!"

"Sina haraka, afande. Dada yake anangoja tangu tukiwa vijana."

Masanja akakaa juu ya jiwe uani, nami kando yake. Jua lilipofika utosini, kamanda akatoka, akavua kofia.

"Shikamoo, Masanja. Ni mimi."

Masanja akasimama.

"Marahaba," akasema. "Sasa twende ukamwambie dada yake."

Tukaondoka watatu, wapiga picha nyuma yetu. Nimefungua shajara yangu, siku hiyo ina mstari mmoja tu: "Afande kamwamkia Masanja."

Babu yako