Matairi Yanayosugua

Matiri, Jumapili baada ya misa

Baba Aurelia,

Huku hatujambo. Kahawa iko kwenye vichanja, ila mvua za ghafla zinatusumbua. Mama yako anakusalimu na anauliza kama Songea siku hizi imesogezwa mbali.

Nilikwenda Mbinga kwa fundi Othmar kama ulivyonituma. Anasema kwa kuwa gari umelishusha likakaribia ardhi, hizo rimu pana za inchi kumi na saba achana nazo. Chukua za kumi na sita zisizotokeza nje, na matairi membamba. Nikamsomea ujumbe wako, kwamba matairi uliyonayo yanasugua bati la fenda kiti cha nyuma kikijaa. Akaniuliza, "Mama, hao wanaokaa nyuma wana uzito gani? Nisije nikakosea saizi." Nikamwambia nitakuuliza, mafundi wenzake wakiniangalia.

Uliniambia unaendesha peke yako, kazini na kurudi. Kilo za Aurelia na Adrian nazijua, lakini watoto wako hao gari hilo wameliona kwenye picha tu.

Basi niandikie, fundi anasubiri: hao wanaojaza kiti cha nyuma wana kilo ngapi?

Mkeo wa ndoa,
Gaudiosa