Atupele Bado Hajasema

Jumanne. Mvua imeanza tangu alfajiri na hadi sasa, saa kumi na moja jioni, haijakoma. 

Atupele, mwanangu wa pekee, ana miaka mitatu na nusu na hasemi. Si kwamba anasema vibaya. Hasemi. Akitaka maji anaonyesha ndoo kwa kidole. Akiumia analia, akifurahi anacheka, basi. Keshokutwa tunapanda basi kwenda Mbeya akapimwe masikio, na tangu nesi wa kliniki aniandikie karatasi ya rufaa, naitoa mkobani na kuirudisha kutwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kyela mjini. Siku hizi nashona sare za shule, kwa hiyo watoto wa rika lake wanaletwa kupimwa kutwa nzima. Jana mmoja kaniambia kaptura yake niiwekee mifuko miwili, mmoja wa karanga. Nikageukia ukutani nikajifanya natafuta chaki. Nilimwonea wivu mama yake, jamani, na naona aibu kuandika hivyo.

Nesi aliniuliza, "Mama Atu, mchana mtoto anashinda na nani?" Nikajibu kwa majivuno kwamba anashinda na bibi yake, mama yangu mzazi, niliyemtoa kijijini Ipyana aje anilelee. "Anamsemesha?" Nikasema sana.

Sikumwambia lile sharti.

Niliposoma sekondari Morogoro walinicheka lafudhi yangu mpaka nikaacha kunyoosha mkono darasani. Nikaapa mwanangu hatapitia hayo. Kwa hiyo mama alipofika na kibegi chake, hata chai hajanywa, nikamwambia humu ndani ni Kiswahili tu, Kinyakyusa kitamharibu mtoto, shule watamkataa. Mara mbili alijisahau, na mara zote mbili nilimfokea mbele ya Atupele. Ndiyo, mama yangu mzazi.

Leo umeme ulikatika saa sita, cherehani ikalala, nikarudi nyumbani mapema. Walikuwa barazani wanachagua mchele kwenye ungo. Nikasimama uchochoroni na mwavuli wangu, hawakuniona. Mama alimwonyesha kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Atupele akaokota chake, akakitupa. Mama akampungia mkono asogee, akasogea. Akagusa midomo yake kwa vidole kumuuliza kama ana njaa, mtoto akatikisa kichwa. Nadhani nilisimama pale robo saa. Hakuna aliyetoa sauti.

Zile ishara zote za mwanangu, nilizokuwa nikiziona nikadhani ni dalili za ububu, ni za mama yangu.

Nilipanda barazani nikamuuliza kwa nini hamsemeshi mtoto. Hakuinua uso kutoka kwenye ungo. "Si ulisema nisimharibu? Kiswahili changu unakijua, ni cha kuombea chumvi dukani. Nikaona bora ninyamaze."

Mwaka mmoja na nusu tangu aje. Kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni ninaporudi nimechoka na kuwasha redio.

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Huu nimemdunga mtoto, na sijui kama unang'oleka. Nasikia watu wanasema kuna umri ukishapita hawasemi tena vizuri. Sijui kama ni kweli na sitaki kujua leo.

Nilipiga magoti palepale nikamwomba mama radhi. Nikamwambia, sema naye, mama, sema chochote, kwa lugha uliyonilelea mimi. Alinitazama kwanza, nadhani hakuniamini. Atupele akamnyooshea kiganja cha mchele aliouchagua mwenyewe. Mama akaupokea, akasema, "Ndaga fijo, mwana gwangu." Asante sana, mwanangu.

Atupele aliruka akamziba bibi yake mdomo kwa mikono yote miwili. Mchele ukamwagika wote. Halafu akageuka akaniangalia mimi, machozi yakimlengalenga, kuona kama nitafoka.

Kwa hiyo anasikia. Siku zote alikuwa anasikia.

Mbeya tutakwenda tu, wote watatu, maana nesi alisema masikio yapimwe na mimi si daktari. Bado naogopa majibu. Lakini ninavyoandika hapa chumbani, kinachonitisha zaidi ni jambo jingine. Barazani mama anamhadithia kitu, polepole, kwa sauti ya chini ambayo nilikuwa nimeisahau. Na mtoto, kila bibi anaponyamaza kuvuta pumzi, anachungulia mlangoni nilipo. Najaribu kutabasamu. Sijui uso wangu unaonekanaje kutoka pale alipo.

Kesho sifungui kibanda, wenye sare watanisamehe. Nitakaa nao mkekani nichague mchele, na Kinyakyusa changu kilichopata kutu.

Itachukua siku ngapi hadi mwanangu aache kuniangalia kwanza?