Serikali Ilipokuja Kuuliza Tunakula Nini

Magamba, Mpanda

Dada yangu Kabula,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, na mama naye, natumaini kifua kimempoa. Mimi nipo, tena sasa ni mtu mzito: serikali haiwezi kupanga mambo ya nchi hii mpaka ijue mdogo wako amekula nini. Usicheke. Walimtuma msichana msomi, mwenyekiti wa kijiji akamleta mpaka mlangoni kwangu.

Alitaka kujua matumizi ya nyumbani, ya zamani na ya sasa. Nikamwambia kwa ya zamani amefika penyewe. Nilipokuwa kazi ya barabara wilayani, serikali ilikula na sisi tukala. Dawa bure, chaki zipo, dizeli tukiimwaga mpaka vyura wa Kasokola wananuka dizeli. Siku hizi zahanati unakwenda na sindano yako, shule kila siku mchango, na sisi wa barabara tulipunguzwa wote.

Ndipo akauliza nyie hapa mnakula nini. Dada, unajua tulivyolelewa, mgeni hasikii njaa ya mwenye nyumba. Mke wangu alikuwa ameshamchinjia kuku wetu wa mwisho. Nikasema nyama kila siku, wali, chai ya maziwa, sukari mpaka kijiko kinasimama. Mwenyekiti kakaa pale pale, anasikia.

Baadaye mvua zikakata. Tumbaku iliungua, mahindi hayakubeba. Mahindi ya msaada yalipokuja nikapanga foleni na gunia langu. Kufika mbele, mwenyekiti akauliza kwa sauti kama kijiko bado kinasimama. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Haya ni ya wenye njaa," akasema. "Wewe ulimwambia yule msichana wa serikali unakula nyama kila siku. Unataka nimfanye mtoto wa watu mwongo?"

Nikamwambia nilikuwa namheshimu mgeni. Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Mke wangu alipokea lile gunia tupu, akalikunja. Tunakula mihogo michungu ya kuloweka, mara moja kwa siku. Mtoto wetu wa mwisho, Shija, ameanza kuvimba miguu. Zahanati wanasema apewe maziwa. Nimebaki kumwangalia tu.

Kwa hiyo mama asije. Najua nilimwandikia aje anenepe huku. Mwambie reli imekatika, mwambie simba wamejaa, chochote. Akija sasa nitamzika. Na kama mna mtama, hata debe, mpeni mtu anayekuja na treni. Sijui kama huo mtama utamkuta Shija.

Nisalimie shemeji, na shangazi aliyenibeba mgongoni, na yule mjomba fundi baiskeli.

Ni mimi mdogo wako,
Masanja

Nimegeuza karatasi. Yule msichana alibakiza paja la kuku. Watoto walikuwa wanangoja nje wapewe mabaki. Niliwaambia mgeni amemaliza yote, nikaenda kulila nyuma ya choo.