IC Inayogeuza Neno, na Tangi la Igogo

Jumanne, Mabatini. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu asubuhi. Mvua hainyeshi wala haiondoki. Nami hivyo hivyo. Nimechoka mpaka masikio.

Tangu bidhaa za nje zimwagike madukani, redio ikifa watu wananunua nyingine, fundi nabaki nafukuza nzi. Asubuhi nasema nafunga kibanda, nakwenda Usagara kwa mdogo wangu kuchunga ng'ombe. Jioni akitokea mteja mmoja, sifungi tena. Mke wangu ananiita mlango wa choo cha soko.

Ndipo nikaweka nadhiri kwa tangi la Mama Leokadia, mjane wa Bukoba mwenye mgahawa Igogo. Likitengemaa, nabaki. Likinishinda, Usagara.

Ugonjwa wake ulikuwa huu: maji yakikaribia kujaa, boya linaloiamuru pampu linatikisika, pampu inawaka na kuzima, ta-ta-ta-ta, kama meno ya mwenye homa. Nikaagiza Nairobi, kwa dereva wa basi, IC, kile kidude cheusi cha ndani ya redio, inayoitwa Schmitt trigger inverter. Kadude kana miguu kumi na minne, na hakana kiherehere. Kana mistari miwili, wa juu na wa chini. Umeme ukitetemeka katikati, kenyewe kimya. Hakabadili neno mpaka mstari uvukwe.

Jana nikakafunga. Tangi lilikuwa karibu kujaa, pampu ikanguruma bila kukatika. Nikadhani inamalizia. Nikaondoka kifua mbele.

Leo sijanawa uso, Mama Leokadia huyo mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, wewe mchawi au mlevi? Tangi limejaa, pampu ndiyo kwanza inasukuma! Mkaa wangu wote unaogelea. Wateja niwape unga walambe?"

Adabu kwanza, matusi baadaye. Malezi mazuri hayo.

Nilijua kosa kabla hajamaliza. Inverter kazi yake ni kugeuza: ukiiambia washa, inasema zima. Karatasi yake ya maelezo nilisoma nusu, ile nusu iliyonifurahisha. Na shule niliisoma hivyo hivyo.

Bahati, ndani ya IC ile wamo wageuzaji sita. Nikamfuata Igogo, nikalipitisha neno kwa wa pili, akaligeuza tena lile aliloligeuza mwenzake. Nikakaa juu ya debe kungoja. Tangi likajaa, pampu ikazima. Mara moja tu. Yakachotwa maji, ikanyamaza. Yaliposhuka hasa, ndipo ikawaka.

Mama Leokadia akaniletea chai na ndizi za kwao, bila kunitazama usoni.

Sasa nadhiri yangu inasemaje? Asubuhi tangi lilinishinda, mchana nikalishinda. Hata nadhiri inatikisika.

Basi nami nimejichorea mstari. Siku nitakaposhindwa kuiona miguu ya IC, nafunga kibanda. Kabla ya hapo, wateja wasije hata mwezi, ng'ombe wa Usagara wasinisubiri.

Leo niliiona yote.

Isipokuwa mguu wa saba. Huo niliupapasa.