Nani Atamchinja Mbuzi

Kwa Mzee Ndulu,
Msambweni, Kwale.
20 Agosti 2024

Mpendwa ndugu yangu Muange,

Hujambo huko Ndola? Wifi yangu Sidi hajambo? Na wanangu je, kifua cha yule mdogo kimepoa? Nasikia huko Zambia mwezi huu ni baridi, mwambie wifi asiwaogeshe asubuhi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto lanisumbua nikipiga magoti kusali. Mvua ilikuja vizuri na mihogo imekubali.

Ujumbe wako niliupata Jumatano. Nilipoumaliza nilizima simu, na si kwa kiburi. Najijua. Ningekupigia tungegombana, nami nikishaanza sinyamazi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Wanitaka niwaombe radhi wageni wa kanisa lako kabla hawajaondoka Alhamisi, nisikuaibishe mbele ya watu uliowaleta wewe. Soma kwanza, ndugu yangu, kisha uniambie tena.

Wageni tuliwapokea vizuri, hilo lisikutie wasiwasi. Wiki nzima walimwaga sakafu ya saruji pamoja nasi. Mama Mutale, kiongozi wao, hakukaa kitini hata siku moja, alikoroga zege kwa sepetu mpaka viganja vikamchubuka. Na Jumapili ile ya kuifungua sakafu tuliabudu, Muange, we acha tu! Wao Kibemba, sisi Kikamba na Kiswahili, Mchungaji Ngui akitafsiri huku jasho lamtiririka. Mama Mutale aliomba mpaka nikalia. Sina ubaya naye, nataka ulijue hilo.

Ubaya ulianzia nje. Wajua desturi yetu tangu baba alipohamia huku: kanisa likiwa na karamu, anayechinja ni mzee Chirau, ili majirani zetu Waislamu nao wale. Nao Idi wakichinja, nyama yatufikia mlangoni. Basi Chirau alifika mapema, kanzu imepigwa pasi, na kisu amekinoa tangu jana yake, si wamjua alivyo na maringo na kisu chake! Mkewe Twaiba na majirani wengine walikuwa wameshakaa kwenye mikeka nyuma ya kanisa. Tuliwaalika sisi wenyewe. Mbuzi walikuwa wawili, mmoja wa kanisa na mmoja wangu, niliyemtoa kwa shukrani.

Mama Mutale akatoka, akamkuta Chirau ameshamlaza mbuzi akimwelekeza kibla. Akapiga kelele asimamishe. Akasema mnyama wa siku ya Bwana hachinjwi kwa dua ya dini nyingine, tena kwenye uwanja wa kanisa. Usidhani ilikuwa dharau. Alinieleza kwamba kwao alilelewa katika matambiko, na siku alipookoka aliapa kutoonja tena nyama iliyosomewa maneno mengine. Nikamwambia, haya mama, nimekuelewa, mmoja amchinje shemasi wetu mle ninyi, huyu wangu amchinje Chirau. Akakataa. Si hapa, si leo.

Nikamtazama Mchungaji Ngui. Nilijua atasema neno, maana huyu kila Idi hula kwa Chirau, na akiondoka huomba cha kubeba. Akainamia viatu vyake, akasema wageni waheshimiwe. Loo! Chirau akamwachia mbuzi, akakipangusa kisu ambacho hakijakata kitu, akaniambia, "Hapana neno, Kavata. Sisi tutakunywa chai."

Chai! Muange, mama alipofariki wewe hukupata njia ya kuja, wala sikulaumu. Kaburi lake lilichimbwa na nani? Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, jua la kuchoma, na Chirau aliingia shimoni na saumu yake, akatoka midomo imempasuka. Mtu huyo leo anywe chai huku akinusa nyama, kisha arudi kwake yeye na mkewe na njaa, nami ndiye niliyewaita? Nitapita na uso gani mlangoni kwake nikienda kisimani?

Basi nikamfungua mbuzi wangu. Nikasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu kwamba aliyealikwa na mimi anifuate nyumbani. Tena mbuzi mwenyewe akagoma katikati ya uwanja, navuta haendi, nusura nilie, mpaka Twaiba akainuka akamsukuma kwa nyuma. Wakanifuata majirani wote, na wale wanawake wa kanisa waliokuwa wapike, pamoja na masufuria. Chirau alimchinja uani kwangu. Huko kanisani walibaki na mbuzi wao bila mpishi.

Sasa Mchungaji amenitenga. Sishiriki Meza ya Bwana wala siongozi akina mama, mpaka nisimame mbele ya wageni nikiri kosa. Jumapili iliyopita nilikaa nje, kwenye benchi chini ya dirisha, maana kuimba hawawezi kunizuia. Imeniuma, ndugu yangu. Tangu nibatizwe sijawahi kuikosa Meza kwa kosa, na nilipowasikia wakiinuka kwenda kuipokea nilijifunika leso usoni. Mara nikasikia mtu anakaa kando yangu. Twaiba, na ungo wake wa mihogo. Akasema, "We imba, mie namenya." Akakaa mpaka ibada ikaisha.

Jana Mama Mutale alikuja kuniaga. Nilimpa dafu, tukanywa. Nilimwomba radhi kwa kumpazia sauti, kwa kuwa ile haikuwa adabu. Kwa mbuzi sikumwomba, naye hakusema alikosea. Lakini alinishika mkono kwa muda mrefu, na yeye ndiye aliyekubali kukuletea barua hii. Mpokee vizuri. Kusimama kanisani niseme nilikosa kuwalisha majirani zetu, hilo sitaliweza, hata uniandikie mara kumi.

Na sasa jambo lako. Desemba mwaja kumtolea mtoto wenu shukrani kanisani, nawe uliniagiza mbuzi. Nimeshampata, mweupe mwenye baka shingoni, amefungwa nyuma ya jiko na anakula vizuri. Nimekuwekea tu.

Nisalimie wifi Sidi, na watoto wote wape busu langu. Twaiba awasalimu, asema nguo ya mtoto ameshaishona. Mungu awafunike kwa mkono wake na awalete salama, nikuone kabla goti hili halijanimaliza.

Mzee Chirau pia akusalimu sana. Ameniuliza, hiyo Desemba aje na kisu, au aje kunywa chai? Nimemwambia nimekuuliza wewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikasirika,

Kavata