KUMBUKUMBU ZA KIKAO KUHUSU GAUNI LILILOTUNDIKWA VERANDANI

Chama cha Wafanyabiashara wa Soko, Kibwezi
Alhamisi, 13 Machi 1986, ghala la Mwenyekiti

Waliohudhuria: Mzee Mutunga (Mwenyekiti, posho mill ya kusaga unga), Jonah Mbuvi (Katibu), Bi. Muthoki (Mweka Hazina, hoteli), Bi. Shamis (duka la vitambaa), Bw. Ndolo (fundi wa nguo).
Aliyealikwa: Mama mteja.
Asiyekuwepo: Bw. Mutie, ameenda mji wa Wote kwa msiba. Mungu awafariji.

KUMB. NA. 1/3/86: KUFUNGUA
Katibu aliomba. Bi. Muthoki alisema maombi yalikuwa marefu na chai inapoa.

KUMB. NA. 2/3/86: CHOO CHA SOKO
Mlango bado. Iliahirishwa tena.

KUMB. NA. 3/3/86: MALALAMIKO JUU YA FUNDI
Bi. Shamis alieleza kwamba Ndolo hushonea kwenye veranda ya duka lake. Mama mteja alinunua kitambaa hapo, akamwomba Ndolo kwa sauti ya chini atie pamba ndani ya gauni, upande mmoja wa kifua, kwa sababu alifanyiwa operesheni. Ndolo alipomaliza alitundika gauni kwenye msumari nje, kama anavyotundika kila nguo ili wapita njia waone kazi yake. Wanawake walilishika, wakalibonyeza, wakauliza ni la nani. Ndolo akawaambia, jina na sababu.

Mama mteja alisema, "Tangu siku hiyo watu hunisalimia wakiangalia kifua." Ameacha kuleta mboga sokoni na kwaya ameacha. Katibu alithibitisha kwamba kiti chake kanisani kimekuwa wazi, na kwamba yeye Katibu alidhani ni malaria.

Ndolo alijitetea kwamba alikuwa anasifu kazi, hakuwa anamsema mtu, maana pamba ikae sawa hivyo si kila fundi anaweza. Bi. Muthoki alimuuliza, "Sasa kazi hiyo haiwezi kusifiwa bila jina la mama ya watu?"

Bi. Shamis alitaka cherehani itoke verandani kesho asubuhi. Ndolo akasema hiyo ni njama, veranda inatafutiwa Bishar, binamu ya Bi. Shamis, aliyenunua cherehani mpya. Bi. Shamis akasema, "Bishar ameingiaje kwa pamba?" Sauti zilipanda. Mwenyekiti aligonga meza.

Katibu alipendekeza waombe pamoja kwanza. Bi. Shamis alisema, "Mzee Jonah, kama hatoki basi pazia la kupimia kwanza, maombi baadaye."

Mama mteja alipoona Katibu anaandika alimuuliza, "Na hiyo utabandika kwa mlango wa posho mill kama zile zingine?" Katibu aliweka kalamu chini, kwa kuwa ndivyo hufanya. Mama akasema, "Andika pamba. Jina langu usiandike." Katibu amelifuta.

Mwenyekiti alipotaka kura ya kumtoa Ndolo, Mama aliinua mkono. Alisema, "Mkimfukuza, nguo zingine nitampelekea nani? Nianze tena kumweleza mwanamume mwingine? Huyu ameshajua. Mimi nataka ajue, na anyamaze."

Ndolo alivua kofia, akasema, "Nisamehe, mama. Nilijisikia fundi sana."

Iliamuliwa:
Ndolo abaki. Bi. Shamis atatoa kitambaa cha pazia la kupimia, Ndolo atalishona bure. Nguo iliyoisha ikunjwe, ifungwe kwa gazeti, ikae ndani. Anayeuliza ni ya nani aambiwe ina mwenyewe. Na sheria hii si ya mafundi peke yao, Bi. Muthoki alikumbushwa kwamba hata hotelini watu huongea wakila.
Kumbukumbu hii haitabandikwa.

KUMB. NA. 4/3/86: KUFUNGA
Katibu aliomba kwa ufupi, Bi. Shamis naye akafungua viganja akaomba kwa njia yake. Kikao kilikwisha saa kumi na moja jioni. Kwa kuwa soko lilikuwa limejaa, Mwenyekiti alimwonyesha Mama mlango wa nyuma. Mama alishukuru, akachukua mkononi gauni lake lililokuwa mezani, akatokea mlango wa mbele.

Mutunga, Mwenyekiti ....................
J. Mbuvi, Katibu ....................